Vumbi Tulilolipepeta

Mtua,
Nachingwea, Lindi.
3 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Munira,

Assalamu alaykum. Habari za huko Dodoma, habari za kazi, habari za kile kifua chako na upepo wa huko? Unakula? Usinijibu kwamba unakunywa chai na mkate, hiyo si kula. Mimi mama yako ni mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua nikiinama, na nikisimama pia.

Baba yako Jumaa hajambo, ila anakohoa. Anasema ni tumbaku, na tumbaku aliiacha wewe hujaenda hata sekondari. Bibi yako hajambo, macho tu, akiamka yamegandana mpaka tumkande na maji ya vuguvugu. Anakuuliza kila siku kama umeshapata mtu, nami namwambia umepata kazi, ananiambia kazi haileti mjukuu. Kaka yako Rashidy hajambo, yuko kwenye korosho toka asubuhi mpaka jua linazama. Wifi yako Fatma hajambo, anacheka kama kawaida yake. Mama yako mdogo Josephina wa Narung'ombe hajambo, tulikuwa naye wiki iliyopita. Hata yule mbuzi wako mwenye pembe moja hajambo, kazaa mapacha na sasa anajiona.

Najua kwenye simu tumeongea. Lakini simu yenyewe unaijua, mimi nikianza neno mtandao unalimeza, halafu wewe una haraka, unasema "sawa mama, sawa mama," na mimi moyoni najua si sawa. Ndiyo maana naandika. Fatma alitaka aniandikie, nikamkatalia, angenipunguzia maneno. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, wewe vumilia, soma polepole.

Kwanza nakuambia hili ili ulijue kabla ya mengine: bonde sitoki.

Sasa nianze mwanzo, maana wewe haya mambo uliyasikia vipande vipande.

Toka walipofungua ule mtambo wa kusaga kokoto kule kilimani, upande wa Ruangwa, mambo yamebadilika. Kiangazi lilikuja vumbi la kijivu. Si lile vumbi letu jekundu la barabarani, hili ni kama unga, linakaa juu ya bati, juu ya maua ya korosho, juu ya kanga ulizoanika. Kwa Josephina ndiyo kabisa, yeye yuko karibu, anafunika chungu na bado anatafuna mchanga. Halafu masika yaliyopita mto ulileta tope ambalo hatujawahi kuliona. Lilikuja likalala juu ya mpunga wetu, likakauka, likapasuka kama kisigino. Tulivuna nusu ya nusu.

Tulipopeleka shauri kijijini, akaja msimamizi wa mtambo, jina lake Emmanuel, kijana nadhifu, viatu vinang'aa. Akasema kwa upole kabisa kwamba vumbi ni la salfa tunayopulizia mikorosho, na moshi wa mashamba tunayochoma. Na tope, akasema, ni la kwetu sisi wanawake tunaolima bondeni, tunachimba kingo za mto, udongo unaporomoka. Kwa hiyo anayeuharibu mto ni mama yako na jembe lake.

Salfa! Salfa inanuka, Munira. Mtu aliyezaliwa huku unaweza kumfunga macho na bado atakuambia hii salfa.

Ndipo wewe ukaniambia kwenye simu lile neno ambalo mimi nimelishika mpaka leo. Ulisema kila mwamba una vitu vyake ndani, vingine vidogo sana hata jicho haliwezi, ila mashine zenu za kupimia mawe huko kazini zinaviona. Jiwe likisagwa likawa vumbi, likarushwa na upepo mpaka kijiji cha tatu, vile vitu bado vimo. Likiingia mtoni likawa tope, bado vimo. Uliposema hivyo mimi nilikuelewa haraka, maana ni kama kisamvu. Unionjeshe kisamvu umenifumba macho, nitakuambia hiki ni cha Josephina, kile ni cha Fatma. Kila jiko lina mkono wake. Basi na mlima una mkono wake. Ukatuambia tukuletee vumbi na tope, utaomba ruhusa kazini, utapima.

Mwanangu, ulivyosema vile nilitembea kijiji kizima kama mwenye harusi. Tukakusanya. Wanawake wote wa bondeni tukapanda kwenye mabati, tukafagia, tukaenda mtoni tukachota tope kwenye madumu. Tukakutumia. Tukamwambia Emmanuel mbele ya watu, ngoja jibu la Dodoma, litasomwa hapa hapa hadharani.

Likasomwa. Ujumbe wako uliingia kwenye simu ya Fatma mkutano unaendelea, na mwenyekiti akasema, haya, si mlitaka hadharani? Fatma akasimama akasoma. Ulisema sampuli zote zinafanana na udongo wa huku kwetu, hakuna alama ya jiwe la kilimani ya kutosha kusemea chochote. Yule Emmanuel hata hakucheka, heri angecheka. Alisema tu, "Ahsanteni sana kina mama. Mmetusaidia." Waliocheka ni wa kwetu. Mmoja akapaza sauti nyuma kule, akaniita kwa jina langu, "Mwanawetu, mwanao amesomea kukuumbua!" Mkutano mzima ukaangua.

Mimi nilisimama. Miguu ilikuwa inatetemeka lakini kwa gauni refu hawakuona. Nikasema, "Hatujamaliza." Mwenyekiti akaniuliza, "Hamjamaliza nini tena, mama Munira?" Nikasema tena, "Hatujamaliza," nikakaa.

Basi wakapitisha, mikono ikanyooshwa, ya wanaume mingi. Mvua ikianza pasionekane jembe bondeni. Atakayepanda, mpunga wake utang'olewa. Mkono wangu mimi niliukalia.

Nilipokupigia jioni ile ukaniambia, "Mama, udongo hausemi uongo. Achana nao, njoo Dodoma ukae na mimi." Sikukujibu vizuri siku ile, ndiyo maana nakujibu leo. Nije Dodoma nikafanye nini? Nikae kwenye kiti nitazame ukuta mpaka utoke kazini? Bonde hili si la baba yako, wala si la Rashidy. Nimelipata kwa mama yangu, naye kwa mama yake, ndivyo tulivyo sisi, na baada yangu ni lako, uwe unalima au unakaa huko na mashine zako. Nikilitoa leo nitakuwa nimetoa kitu cha mtu mwingine bila kumwuliza. Sikukukasirikia, mwanangu. Ulisema ulichokiona. Lakini ulichokiona si kile tulichokiona sisi, na sasa nakuambia kwa nini.

Ilikuwa mchana, Fatma anapepeta mchele uani. Bibi yako kakaa upande ule upepo unakoelekea, akapiga kelele, "Geuka wewe, pumba zote unanitupia machoni!" Fatma akaanza kugeuka, halafu akasimama hivi, ungo mkononi, kama mtu aliyeitwa na sauti ya mbali. Akaniambia, "Mama, lile vumbi la Munira si tulilipepeta?"

Munira, tulilipepeta.

Usinung'unike kwanza, nisikilize. Tulipolifagia kwenye mabati lilikuwa na majani, na mavi ya kuku, na mkaa. Bibi yako akasema, "Mnampelekea mjukuu wangu uchafu, na kazini kwake kuna wakubwa zake? Watasema huyu katoka kwa watu gani?" Na kweli, nani kati yetu amewahi kumpelekea mtu kitu bila kukipepeta? Si ufuta, si choroko, si mchele. Kwa hiyo tukatoa nyungo, kila mmoja akapepeta lake, tukasifiana kabisa, "lako limetakata," "lako nalo." Ule unga wa kijivu ukaruka wote ukaenda kwenye mihogo. Tukabaki na mchanga safi, mzito, mzuri wa kutazama. Ndio huo tuliokutumia.

Na tope nalo tulilikosha. Kama mchele. Tulimimina maji, tukavuruga, tukamwaga yale maji ya kijivu chini ya mgomba, tukaongeza mengine, mpaka maji yakatoka meupe. Tukasema sasa hili ndilo tope la kumpa mtu.

Fatma aliponikumbusha tulitazamana. Halafu akasema, "Tumempelekea chenga, unga tumemwaga." Tukacheka mpaka bibi yako akadhani tunamcheka yeye. Tulicheka na mimi machozi yananitoka, sijui ya kucheka au ya ule mkutano.

Sasa wewe ndiye unayejua, mimi nauliza tu. Kilicho chepesi si ndicho upepo unachokileta kutoka mbali? Na kilicho kizito si kinabaki pale pale kilipozaliwa? Kama ni hivyo, basi tulikutumia udongo wetu wenyewe na ukatuambia ni wetu. Hukukosea. Udongo haukusema uongo, ila tulimtuma asiyehusika. Nikimfuata Emmanuel sasa hivi nimwambie tulipepeta, atasema tumetunga. Nataka neno litoke kwako.

Kwa hiyo tumeanza upya, na mzigo huu ndio huo. Mifuko yote ni mipya ya nailoni, hakuna uliowahi kuwekwa salfa, nimeinunua mwenyewe. Sikuandika juu yake, kalamu inafutika, nimefunga kila mmoja kwa kipande cha kanga.

Kanga ya kijani ni vumbi la kwa Josephina. Aliweka sinia juu ya bati, mbali na jiko, akaliacha likajaa lenyewe. Mna majani humo na mna kinyesi cha ndege kimoja, nimekiona, nikajizuia mkono. Nakuomba radhi kwa wakubwa wako.

Ya njano ni vumbi la hapa kwetu, sinia vile vile.

Nyeupe ni tope la mtoni kule juu, kabla kile kijito cha kutoka kilimani hakijaingia. Nyeusi ni tope la chini, kijito kikishaingia. Hatukukosha, hatukuvuruga. Mto umebaki madimbwi tu sasa, tulichota kwa kikombe.

Nyekundu ni mbili, usizichanganye. Nilichimba shimo bondeni, pale kwenye kona ya mama. Juu kuna tabaka la kijivu, unene wake kama kiganja. Chini yake ndio udongo mweusi niliouzoea, ule mama alinilelea juu yake. Ukiukata kwa jembe unaona kabisa mstari, kama andazi lililoungua upande mmoja. Nyekundu yenye fundo moja ni kijivu cha juu, yenye mafundo mawili ni cheusi cha chini. Mwambie mwenzako mwenye mashine anisaidie hapa: kama kingo zetu ndizo zilizoporomoka, mbona hiki cha juu hakifanani na chetu?

Na ya bluu ni jiwe lenyewe. Hili nalo nikuhadithie ujue mama yako bado ana meno.

Wewe ulisema mwanzo kabisa kwamba lazima mpate na jiwe la kilimani, la kulinganisha, na sisi safari ile hatukupeleka, tuliogopa. Safari hii mimi na Fatma tukalala kwa Josephina, kulipokucha tukabeba ndoo tukaenda mpaka getini. Mlinzi anaitwa Dastani, kijana mrefu, kajifunga kitambaa puani.

"Mnatafuta nini, mama zangu?"

"Kokoto," nikasema.

"Lori lenu liko wapi?"

Fatma akashusha ndoo kichwani. "Hili hapa."

Akacheka. "Ndoo moja? Mnajenga nini?"

"Banda la kuku."

"La zege?"

"Mwewe wa kwetu wana meno," Fatma akamwambia, macho makavu kabisa, na mimi nimeuma kanga nisicheke.

Akatuuzia. Halafu nikamwambia, "Baba, tunaomba na lile vumbi lake, la kusawazishia chini." Akasema, "Hilo chukueni bure, huku sisi tunalikimbia." Akatuchotea kwa mkono wake. Tunaondoka akatuita, nikajua tumekamatwa. Akauliza, "Kule kwenu nguo nyeupe zinakauka nyeupe?" Nikamwambia hazikauki. Akasema, "Hata kwangu," akafunga geti.

Sasa nakuambia jambo ambalo nimelala nalo siku nyingi. Ukipima, na ukakuta kweli ni letu, vumbi letu, tope letu, niambie hivyo hivyo. Usinifiche kwa kunionea huruma. Nitasimama pale pale walipocheka, nitasema, ni letu, na nitakuwa wa kwanza kupanda magugumbasi, yale majani yanayoshika udongo, kwenye kingo na kulima mbali na maji. Sikatai kuambiwa nimekosea. Ninachokataa ni kutolewa kwenye bonde la mama kwa kosa ambalo hakuna aliyelipima. Na ukikuta ni la kilimani, andika kwa maneno ya kikazi, na uandike pia kwa maneno ya kwetu, Fatma asome na kila mtu aelewe, hata yule aliyepaza sauti nyuma.

Najua kazini kwako mnapanga foleni ya vitu vya kupima. Najua ulishaomba mara moja na ukaaibika, ukaonekana unaleta mchanga wa nyumbani. Naogopa kwa ajili yako kuliko ninavyoogopa kwa ajili yangu. Kama wakubwa wako watakufukuza kwa hili, acha, nitajua la kufanya. Lakini kama watakununia tu, nuna nao. Mimi nimenuniwa na kijiji kizima na bado nakula nashiba.

Rashidy anasema nimekuwa mkaidi uzeeni. Baba yako anasema sikuwa mkaidi uzeeni, ukaidi nilikuja nao. Juzi kaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Munira, mpunga wataung'oa kweli." Nikamwambia wang'oe, nitapanda tena, mbegu ninayo. Akaondoka, nikafikiri kakasirika. Baadaye namkuta nyuma ya nyumba anatia mpini kwenye jembe langu, anakohoa na kugonga, anakohoa na kugonga.

Mzigo anauleta Saturnini, kaka yake Josephina kwa baba, anakuja huko kwa mambo yake. Mpokee vizuri, ni mtu wa haya, asije akasema ameshiba kumbe ana njaa. Juu kabisa nimekuwekea ming'oko, ile mizizi yetu ya porini uliyokuwa unaililia, imechemshwa na kukaushwa vizuri. Vumbi liko chini. Tafadhali usije ukapika vumbi na kupima ming'oko.

Bibi yako anakusalimu, anasema safari hii mavi ya kuku si ya kwake, waambie wakubwa zako hivyo. Baba yako anakusalimu. Rashidy na Fatma wanakusalimu sana. Mama yako mdogo Josephina anakusalimu na anakuombea kwa Mungu kanisani kwake, mimi nakuombea kwa huku kwetu, dua zitakutana huko huko juu. Nisalimie na wenzako wa kazini, na huyo mwenye mashine, mwambie nampikia kisamvu akija.

Mungu akufunike mwanangu, akulinde na macho ya watu, akupe kifua kizuri na moyo usiotetemeka, na ukitetemeka basi uwe kama wangu, gauni liufiche.

Ni mimi mama yako mzazi, nikupendaye hata nikikubishia,

Mwanawetu

Mawingu yameanza kusimama upande wa Ruangwa. Nijibu upesi mwanangu, kabla ya mvua kama unaweza. Usipige simu ya baba yako, atakuambia nimepumzika. Piga kwa Fatma, tutakuwa wote bondeni.